Pleti, msumari au fremu ya nje: kuchagua kwa kuangalia damu ya mfupa wa muundi

Mtu mzima aliyevunjika katikati mfupa wa muundi, yaani mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu, kama vile abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari, ana njia tatu kuu za upasuaji za kuushikilia mfupa huo mpaka uunge: pleti inayofungwa kwa skrubu juu ya mfupa, msumari mrefu unaopitishwa ndani ya mfereji wa uboho, au fremu inayokaa nje ya ngozi na kuushika mfupa kwa pini. Zote tatu hunyoosha mfupa, na zote tatu zinaweza kuufikisha kwenye kuunga. Tofauti kubwa kati yao haionekani kwenye eksirei, kwa sababu eksirei huonyesha chuma lakini haionyeshi mishipa ya damu: kila njia hukata au hubana chanzo fulani cha damu ya mfupa na huacha kingine. Ulinganisho huu unazipima njia hizo kwa kigezo hicho. Naamini ndicho kinachoamua mengi kuliko ugumu wa chuma chenyewe, na ndicho kinachosahaulika kwanza pale mazungumzo ya daktari na ndugu wa mgonjwa yanapogeukia bei na siku za kulazwa.

Damu inaingiaje kwenye mfupa

Mfupa ni tishu hai, na hupata damu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Makadirio ya kawaida ni kwamba mifupa yote kwa pamoja hupokea kati ya asilimia 5 na 10 ya damu inayosukumwa na moyo. Mfupa mrefu huipata kutoka vyanzo vitatu. Cha kwanza ni ateri lishi, ambayo kwenye muundi huchipuka kutoka ateri ya nyuma ya muundi, hutoboa ukuta wa mfupa kwa nyuma katika theluthi ya juu, hushuka kwa mshazari ndani ya ukuta huo, kisha hugawanyika ndani ya uboho kuwa matawi yanayopanda na yanayoshuka. Matawi hayo hulisha uboho na takriban theluthi mbili za ndani za ukuta mgumu wa mfupa. Chanzo cha pili ni ateri ndogo nyingi zinazoingia karibu na ncha za mfupa, kwenye goti na kwenye kifundo cha mguu, ambako mfupa una matundu matundu na damu haina shida ya kupita. Cha tatu ni mishipa ya utando wa nje wa mfupa, ambayo hutokea kwenye misuli na tishu zilizoshikana na utando huo, na hulisha theluthi moja ya nje.

Katika mfupa mzima wa mtu mzima, shinikizo la damu ndani ya uboho ni kubwa kuliko la mishipa ya utando wa nje, kwa hiyo damu hutiririka kutoka ndani kwenda nje. Mfupa unapovunjika na vipande vikaachana, mwelekeo huo hubadilika. Matawi ya ateri lishi yanayoshuka hukatika pale pale mfupa ulipokatikia, kipande cha chini hupoteza sehemu kubwa ya damu yake ya ndani, na mishipa ya utando wa nje, ambayo hapo awali ilikuwa na kazi ndogo, hupanuka na kuanza kuingiza damu kutoka nje kwenda ndani. Daktari wa upasuaji wa Kimarekani Frederic Rhinelander aliyaonyesha mambo haya katika miaka ya 1960 kwa kujaza dawa ya rangi kwenye mishipa midogo ya mifupa ya wanyama, na mengi tunayoyasema leo juu ya vyuma na damu ya mfupa yamejengwa juu ya kazi hiyo.

Muundi una udhaifu wake wa pekee. Uso wake wa ndani, ule unaouma vibaya ukijigonga kwenye ukingo wa kitanda, umefunikwa na ngozi tupu bila misuli. Mishipa ya utando wa nje hutegemea misuli, kwa hiyo upande huo ni maskini wa damu tangu mwanzo. Ukishuka kwenye theluthi ya chini hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu misuli ya nyuma nayo inageuka kuwa kano nyembamba, na matawi ya ateri lishi yamesafiri mbali kabla ya kufika huko. Ndiyo maana mvunjiko wa theluthi ya chini ya muundi unajulikana kwa kuchelewa kuunga, ilhali mfupa wa paja, uliozungukwa na misuli minene pande zote, huunga vizuri ingawa nguvu iliyouvunja mara nyingi ni kubwa zaidi.

Swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kuchagua chuma linatokana na hayo. Ajali imekwisha kuchukua sehemu ya damu ya ndani. Je, upasuaji utachukua na ya nje?

Pleti

Pleti ya kawaida huhitaji jeraha refu, misuli isogezwe pembeni na mfupa uonekane kwa macho. Faida yake ni kwamba daktari huvirudisha vipande mahali pake kwa usahihi mkubwa na kuvibana pamoja. Kundi la AO, la madaktari wa upasuaji wa mifupa, lililoanzishwa Uswisi mwaka 1958, liliueneza ufundi huu duniani kote, na pleti yake ya kubana ya mwaka 1969 ndiyo iliyofundishwa kwa vizazi kadhaa vya madaktari. Gharama yake kwa damu ni ya aina mbili. Ili pleti ilale juu ya mfupa, utando wa nje huambuliwa au huachanishwa na misuli iliyokuwa ikiulisha, na hivyo kile chanzo pekee kilichobaki baada ya ajali hupunguzwa kwa kisu. Kisha pleti yenyewe, ikishabanwa kwa skrubu, huikandamiza mishipa iliyo chini yake. Zamani ilidhaniwa kwamba mfupa chini ya pleti hudhoofika kwa sababu tu chuma kimeubebea mzigo. Kazi za Stephan Perren na wenzake huko Uswisi zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya udhaifu wa mwanzo inafuata eneo ambalo pleti imelikandamiza, yaani eneo lililokosa damu na linalochimbuliwa na kujengwa upya na mwili.

Pleti zilizofuata ni historia ya kujaribu kulipa deni hilo. Kwanza zilitengenezwa pleti zenye mashimo upande wa chini ili ziguse mfupa mahali pachache. Baadaye, kuanzia takriban mwaka 2000, zikaja pleti ambazo kichwa cha skrubu hujifunga kwenye pleti yenyewe, hivyo si lazima pleti ikandamizwe juu ya mfupa ili ishike. Pamoja nazo ukakua ufundi wa kuipenyeza pleti chini ya ngozi kupitia majeraha mawili madogo, mbali na mahali palipovunjika, bila kuligusa eneo la mvunjiko lenyewe. Uchunguzi uliofanywa kwenye mapaja ya maiti kwa kujaza rangi mishipani, uliochapishwa na madaktari wa Ujerumani na wenzao mwishoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba upenyezaji wa namna hii huhifadhi ateri zinazotoboa misuli na ateri lishi kwa kiasi ambacho upasuaji wa wazi haukiwezi.

Kwa hiyo anayesema «pleti» anasema mambo mawili tofauti, na mgonjwa ana haki ya kujua ni ipi. Pleti iliyowekwa kwa jeraha refu kwenye uso wa ndani wa muundi ndiyo chaguo ninaloliona baya kuliko yote kwa mvunjiko wa katikati, kwa sababu inaondoa damu mahali ambapo tayari ilikuwa haba na kuacha chuma kinene chini ya ngozi nyembamba. Jeraha likifunguka, chuma huonekana na bakteria huingia. Pleti iliyopenyezwa chini ya ngozi kwa mvunjiko ulio karibu sana na kifundo cha mguu, ambako msumari hauna mfupa wa kutosha wa kushika, ni chaguo zuri.

Msumari

Msumari wa ndani ya mfupa unahusishwa na Gerhard Küntscher, aliyeutumia kwa mgonjwa huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Ubora wake kwa damu ni kwamba huingizwa kupitia jeraha dogo karibu na goti, mbali na mvunjiko, na utando wa nje pamoja na misuli yake huachwa kama ulivyo. Gharama yake iko ndani: msumari hupita palepale matawi ya ateri lishi yalipo. Kama mfereji unapekechwa kwanza ili upanuke na kupokea msumari mnene, uharibifu wa ndani ni mkubwa zaidi. Katika majaribio ya mbwa yaliyochapishwa mwaka 1990, kupekecha kulikata mzunguko wa damu katika takriban asilimia 70 ya ukuta wa mfupa, ikilinganishwa na takriban asilimia 30 pale msumari ulipoingizwa bila kupekecha. Kwa kondoo, damu ya ukuta ilichukua wiki 12 hivi kurudi baada ya kupekecha, dhidi ya wiki 6 bila kupekecha.

Mtu akisoma takwimu hizo peke yake atahitimisha kwamba kupekecha ni kosa. Hapa ndipo matokeo ya wagonjwa yanapotulazimisha kufikiri upya. Utafiti mkubwa uliofanyika Kanada, Marekani na Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200 waliovunjika muundi, uliwagawa kwa bahati nasibu kati ya msumari wa kupekecha na usio wa kupekecha. Kwa mivunjiko isiyo na kidonda, waliohitaji kurudishwa kwenye matibabu zaidi au waliopata tatizo kubwa walikuwa asilimia 11 katika kundi lililopekechwa na asilimia 17 katika lile lisilopekechwa. Kwa mivunjiko yenye kidonda, faida hiyo haikuonekana: asilimia 29 dhidi ya 24, tofauti isiyotosha kuthibitisha kwamba njia moja ni bora.

Maelezo yanapatikana kwenye ile damu inayogeuza mwelekeo. Mvunjiko usio na kidonda kwa kawaida una utando wa nje na misuli iliyobaki hai, na baada ya kupekecha mtiririko wa damu kupitia utando huo huongezeka badala ya kupungua. Mfupa mpya wa kuungia hujengwa kutoka nje, ambako chakula kipo. Unga wa mfupa unaotoka kwenye upekechaji hubaki kwenye mvunjiko na kusaidia kama kipandikizi. Tena msumari mnene hushika kwa uthabiti, na mishipa midogo mipya inahitaji uthabiti ili isikatwe kila mgonjwa anapojigeuza. Katika kondoo walewale damu ya mfupa mpya wa kuungia haikuwa ndogo kwa waliopekechwa. Lakini kidonda kikiwa kimechana misuli na kuambua utando wa nje, hesabu hiyo haisimami: ndani kumepekechwa, nje kumeambuliwa na ajali, na ukuta wa mfupa ulio katikati hauna pa kupata damu.

Kupekecha kuna adabu yake. Kipekecho butu, kinachozungushwa kwa kasi kwenye mfereji mwembamba, huunguza mfupa kwa joto la msuguano, na damu inayopita ndiyo inayosaidia kuondoa joto hilo. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huepuka kufunga mpira wa kuzuia damu pajani wakati wa kupekecha.

Afrika Mashariki ina sababu nyingine ya kuujali msumari. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, mwaka 1999, hutoa msumari usio na uwazi ndani, wenye kifaa cha kulengea kinachomwezesha daktari kuziweka skrubu za kufungia bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, na upekechaji wake hufanywa kwa mkono. Hospitali zinazouweka ziko Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Pale vipande visipokubali kurudi mahali pake bila eksirei, daktari hulazimika kufungua jeraha dogo kwenye mvunjiko ili avione, na hapo faida ya kuuacha utando wa nje hupungua kwa kadiri ya alivyoufungua. Jeraha la sentimita chache linalopita katikati ya misuli bila kuuambua mfupa si sawa na jeraha la pleti, na sioni sababu ya kuliogopa kupita kiasi. Linalotakiwa ni nidhamu ya kuishia hapo.

Fremu ya nje

Fremu ya nje, ambayo mitaani wengi huiita antena, haigusi mahali palipovunjika, haipiti kwa urefu ndani ya mfereji wa uboho wala haiambui utando wa nje. Kwa kigezo cha damu peke yake ingeshinda bila mjadala. Pini zake hutoboa mfupa juu na chini ya mvunjiko, na ule uso wa ndani wa muundi ulio chini ya ngozi, ambao ni laana kwa pleti, hapa ni msaada, kwa sababu pini huingia bila kuchoma misuli.

Ubaya wake hutokea baadaye. Njia ya pini ni mlango wa kudumu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, na baada ya wiki kadhaa baadhi ya pini hulegea au hutoa usaha. Mfupa mara nyingi huunga ukiwa umepinda kidogo. Hata hivyo, kwa kidonda kilichojaa udongo, kilichochelewa kusafishwa, au ambacho ateri kubwa ya mguu imekatika na inashonwa, fremu inabaki kuwa njia ya usalama, kwa sababu mfupa uliokosa damu ukiambukizwa huwa mfupa mfu ambao dawa haziufikii. Antibiotiki husafiri kwa damu. Mahali pasipo damu hazifiki, na bakteria waliojishikiza kwenye kipande hicho au kwenye chuma wataendelea kukaa humo mpaka kipande kitolewe. Kusafisha kidonda kwa ukamilifu, kukata tishu zilizokufa na kuanza antibiotiki mapema kuna uzito kuliko aina ya chuma.

Suala hili lilipimwa Dar es Salaam. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wagonjwa wenye mvunjiko wa muundi ulio na kidonda waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya msumari na fremu ya nje, na zaidi ya 220 wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vifo na kurudiwa kwa upasuaji kwa sababu ya maambukizi, kutounga au kupinda vilikuwa takriban asilimia 18 kwa msumari na 22 kwa fremu, tofauti ambayo haikutosha kusema moja ni salama kuliko nyingine. Lakini waliowekewa msumari walikuwa na mfupa ulionyooka vizuri zaidi na hali bora ya maisha katika wiki za mwanzo. Kwangu mimi utafiti huu una uzito wa pekee, kwa kuwa unahusu wagonjwa wetu, barabara zetu na ucheleweshaji wetu, na unaondoa hofu kwamba msumari katika mvunjiko wenye kidonda uliosafishwa vizuri lazima ulete maambukizi.

Mara nyingi fremu ni hatua ya kwanza tu. Kama ngozi imefunga na pini ni safi, kuibadilisha kuwa msumari ndani ya wiki mbili hivi kunakubalika kwa wengi. Pini zikikaa muda mrefu zaidi, au zikitoa usaha, bakteria walio kwenye njia zake wataburutwa na msumari mpaka ndani ya uboho, kwa hiyo ni bora pini ziondolewe, mguu ufungwe plasta mpaka njia zake zipone, ndipo msumari ufikiriwe.

Kuziweka kandokando

Kwa mvunjiko wa katikati usio na kidonda, kwa mtu mzima, ningechagua msumari wa kupekecha, na ningetaka sababu nzito kabla ya kukubali kitu kingine. Plasta pia inabaki halali kwa mvunjiko ambao haukuachana sana, kwa kuwa haigusi damu yoyote, mradi mgonjwa avumilie miezi ya ugumu wa goti na kifundo. Kwa mvunjiko wenye kidonda kidogo hadi cha wastani, kilichosafishwa mapema, msumari unabaki mbele, na upekechaji uwe wa kiasi tu cha kuupitisha. Kidonda kikiwa kikubwa, misuli imekufa, au daktari wa kufunika kidonda kwa ngozi na misuli hayupo karibu, fremu. Karibu na kifundo cha mguu, pleti iliyopenyezwa chini ya ngozi, lakini baada ya uvimbe kupungua mpaka ngozi ianze kukunjamana. Mvutaji wa sigara aambiwe waziwazi kwamba nikotini hubana mishipa midogo ile ile ambayo mfupa wake unaitegemea, na kwamba hakuna chuma kitakachofidia hilo.

Mpangilio huu ni wa muundi na usihamishiwe mifupa mingine bila kufikiri. Mifupa miwili ya kigasha, kwa mfano, imezungukwa na misuli na lazima irudi katika umbo lake halisi ili kiganja kiweze kugeuka, na huko pleti ndiyo ya kwanza.

Kwa watoto swali ni lingine kabisa. Mtoto aliyevunjika paja ambaye sahani yake ya ukuaji, yaani tabaka la gegedu linalourefusha mfupa, bado iko wazi hatakiwi kuwekewa msumari mgumu unaoingilia kwenye shimo lililo juu ya paja karibu na shingo ya mfupa, kwa sababu ateri inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hupita hapo, na sahani ya ukuaji huzuia damu ya shingo kuvuka kwenda kukiokoa kichwa hicho. Ateri hiyo ikijeruhiwa, kichwa hufa na nyonga huharibika kwa maisha yote, kwa ajili ya mvunjiko ambao ungeunga kwa njia rahisi zaidi. Misumari miwili myembamba inayopindika, iliyobuniwa na madaktari wa Nancy, Ufaransa, huingizwa kutoka juu ya goti, nje ya sahani ya ukuaji, na huacha mishipa ya nyonga bila kuguswa. Hutolewa baada ya mfupa kuunga, kwa kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12.